Mgomba Ndani ya Jeneza

Kifuniko kilipoondolewa, pandit, kuhani wa Wahindu, alikuwa wa kwanza kuona na wa kwanza kurudi nyuma. Ndani ya jeneza, mahali pa mwili wa Paresh muuza vitambaa, palilala gogo la mgomba. Lilivikwa shuka jeupe likafungwa kamba tatu, kama anavyofungwa maiti, na pale ambapo kifua kingekuwa paliwekwa jani moja bichi lililopigwa fundo.

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, Agosti 1996, kwenye uwanja wa kuchomea maiti wa Wahindu wa Moshi, kando ya mto. Kuni zilikuwa zimepangwa, samli imeyeyushwa. Hardik, mtoto pekee wa marehemu, alikuwa ametua kutoka Uingereza usiku uliotangulia ili awashe moto wa baba yake, kama dini yao inavyomtaka mtoto wa kiume. Alisimama na mwenge mkononi, hana pa kuutia.

Inspekta Theopista alifika nusu saa baadaye pamoja na Koplo Melkior. Watu walikuwa wamejitenga mafungu mafungu, wanasemezana Kigujarati kwa sauti ya chini, na hakuna aliyependa kusimama karibu na jeneza. Theopista alipiga magoti akalikagua gogo bila haraka. Alikuwa mzaliwa wa Kibosho, juu mlimani, amekulia chini ya migomba, na kwake gogo lile lilikuwa na maneno mengi kuliko waombolezaji. Ncha ya chini ilikwisha kuwa nyeusi. Ncha ya juu ilikuwa bado nyeupe, inachuruzika maji. Basi lilikatwa mara mbili: kwanza shambani, kisha asubuhi ile ile, ili litoshe kwenye jeneza.

"Na hilo jani?" Hardik aliuliza. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, suti nyeusi, macho mekundu ya safari. "Uchawi, sivyo?"

Melkior alifungua kinywa ajibu. Theopista alimkata jicho, naye akakifunga.

Mlimani hakuna mtoto asiyelijua jani lile. Ni isale. Hupandwa mipakani na makaburini, na ukimkosea mtu kosa zito huchuma jani lake, ukalipiga fundo, ukampelekea. Anayeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Theopista alilitia kwenye bahasha akiwaza kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajakutana na mwizi aliyeiba na kuomba radhi papo hapo. Mchawi haombi radhi. Anayeteka maiti ili alipwe haombi radhi. Huyu alikuwa mtu wa mlimani, mwenye adabu zake, na aliwaheshimu wafiwa.

Hardik hakuwa na subira ya kuwaza. Alikwisha kumpata mhalifu wake: Gidioni, mhudumu wa mochwari, aliyefunga jeneza kwa mikono yake mwenyewe. Kufika saa sita Gidioni alikuwa mahabusu, na Hardik ameandikisha kwamba anataka kila mtu aliyehusika afungwe, awe nani, awe wa wapi.

Gidioni aliketi mbele ya Theopista akiwa amevimba shavu. Vijana wa zamu walimpokea kabla ya Inspekta kufika.

"Afande," alisema, "mimi na maiti tumekaa miaka kumi na saba. Sijapungukiwa hata mmoja. Walio hai ndio wanaonisumbua."

Alieleza bila kujikanyaga. Tangu Jumatano umeme wa mgao ulikuwa umekatika na majokofu ya mochwari yakawa makabati tu. Alhamisi saa kumi wanaume wa jumuiya walikuja wakamwosha marehemu, wakamvika. Saa kumi na moja yeye akakaza skrubu, wakaondoka na jeneza kwenda kulilaza nyumbani juu ya mabarafu. Walitaka kuacha kifuniko wazi mtoto aje amwone baba yake. Mjane alikataa. Alisema ugonjwa umemharibu marehemu uso, afadhali Hardik abaki na sura aliyoiacha.

"Aliyesema hivyo ni mjane mwenyewe?"

"Mama mwenyewe. Akaniomba na bisibisi, eti isije ikahitajika uwanjani. Nimeiandika wapi? Sijaiandika. Bisibisi yangu mpaka leo sijarudishiwa, na kofi nimelipata juu yake."

Theopista hakuwa na shaka naye tena. Ncha nyeupe ya mgomba ilitosha: kama gogo lingeingizwa mochwari jioni ya Alhamisi, kufika Ijumaa asubuhi ingekwisha kuwa nyeusi kama mwenzake. Maiti alibadilishwa nyumbani, alfajiri. Lakini mkuu wa kituo alitaka mtu wa kumwonyesha mlalamikaji, na mlalamikaji alikuwa tajiri wa kutosha kupiga simu Dar. Gidioni akarudishwa ndani.

Nyumba ya Paresh ilikuwa nyuma ya duka, upande wa mji unaopakana na mtaa wa Majengo. Mjane, mama Saroj, alikuwa ameketi juu ya mkeka chumba cha mbele, sari yake nyeupe pe, wanawake wa jumuiya wamemzunguka. Theopista alimwamkia, naye akaitikia marahaba kwa lafudhi ya Rombo iliyomfanya Melkior atabasamu bila kutaka.

"Usishangae, mwanangu," Saroj alimwambia. "Nimezaliwa Mkuu, kule Rombo, nyuma ya duka la baba yangu. Mgongo wa kwanza kunibeba ulikuwa wa mama wa Kirombo."

Majibu yake yalikuwa mafupi. Alfajiri aliwaomba wenzake wamwache peke yake na mumewe. Wao wakaenda jikoni, Hardik alikuwa amelala kwa uchovu wa ndege. Akaimba nyimbo zao za ibada, usingizi ukamchukua. Hakusikia kitu. Alisema yote hayo akitazama mikono yake. Pindo la sari lilikuwa na matone ya unyevu, kana kwamba ametoka kuosha vyombo.

Theopista aliomba kuona stoo iliyoungana na chumba kile. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, na mlango wa kutokea uchochoroni haukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Kizingitini aliokota kitu: vikonyo viwili vya nyasi ndefu za nyika, mbegu zake zimeng'ang'ania kwenye ufa. Katika nyumba ile hapakuwa na ng'ombe, wala mbuzi, wala sungura.

Jioni Melkior alirudi kutoka Majengo na habari. Wazee waliotoka kuswali alfajiri waliona pikapu kuukuu ya bluu ikitokea uchochoro wa Paresh, imejaa nyasi hadi juu. Mmoja alilitambua gari. Ni la mzee Filemon wa Mkuu, aliyekuwa akimletea Paresh ndizi kila mwezi.

"Pikapu ya nyasi hapa si ajabu, afande. Nyasi za kulishia ng'ombe zinapanda mlimani kila siku."

"Zinapanda jioni, Melkior," Theopista alisema. "Mtu anakata mchana, anapakia jua likishuka. Mama yako amewahi kuletewa nyasi alfajiri?"

Melkior alifikiri, akasema mama yake angemrudisha huyo mtu na nyasi zake.

Jumamosi saa tatu asubuhi walikuwa Mkuu. Kihamba cha Filemon, shamba lake la urithi, kilikuwa chini kidogo ya barabara, migomba na kahawa vimebanana, mfereji ukipita katikati na maji baridi ya mlima. Mkewe, Mektrida, aliwapokea kwa heshima, akawaletea mbege, pombe ya ndizi, kwenye kata, kisha akaenda kusimama mbali huku ameshika shavu. Filemon alikuwa juu ya kigoda, fimbo kando yake, mguu mmoja umenyooka kwa sababu nyonga yake haikunjiki tena. Hatua chache nyuma yake palikuwa na udongo mbichi uliosawazishwa vizuri, na chipukizi la mgomba limepandwa kichwani mwa tuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmechelewa. Nilidhani mtakuja jana." Akaelekeza kwa kidole gumba, bila kugeuka. "Yupo pale."

Hakuficha lolote, ila alisimulia kwa kituo, kama mtu anayetoa ushahidi kanisani. Paresh alikuwa akija kila Jumapili kwa miaka thelathini. Alikuwa akivua viatu penye mfereji, akakunja suruali, akashinda anapogoa majani makavu na kupalilia kahawa. Watu walimcheka. Mhindi mwenye duka la hariri, jioni anarudi mjini na utomvu wa mgomba kwenye mashati, mpaka mkewe anagombana naye. Mwaka ule wakulima wengine walipoanza kung'oa kahawa wapande nyanya, Paresh alikaa chini ya shina moja akakataa kuinuka mpaka Filemon alipoapa kwamba hatang'oa.

"Siku moja akaniambia, Filemon, mimi nikichomwa nitakwenda na upepo, na upepo wa Moshi sijui unaelekea wapi. Nitie chini ya mgomba, nijue nilipo. Nikamwambia, Paresh, dini yako haitaki. Akasema, najua. Nikamwambia, ukoo wangu pia hautaki. Akasema, hilo pia najua. Akaendelea kupalilia."

Ukoo haukutaka, kweli. Kaburi ndani ya kihamba ni la mwenye kihamba. Ukimzika mtu wa nje umeupa ukoo mwingine sauti juu ya ardhi ya babu yako. Wazee walikwisha kumtumia Filemon ujumbe: kesho baada ya misa wangekaa, na huenda angetoka kwenye kikao hicho hana shamba.

"Ulijua hayo, na ukamzika?"

"Nilimwambia ndiyo, afande. Unataka nimwambie nini sasa?"

Theopista alinywa mbege kidogo, akaweka kata chini.

"Nani alikusaidia kumtoa?"

"Peke yangu."

"Ukamwinua peke yako."

"Peke yangu."

Theopista aliitazama nyonga, akaitazama fimbo. "Mlango uliufunguaje?"

"Niliuvunja."

"Mlango hauna hata mkwaruzo, mzee. Haya, isale ulilichuma wapi? Hapa, au kule mjini?"

Kwa mara ya kwanza Filemon alichelewa kujibu. Alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za nyumba asiyoijua.

"Isale gani?" alisema.

Njiani wakirudi Melkior alikuwa na furaha ya kesi iliyokwisha. Theopista alijilaumu hadi Himo. Alipoona isale alijiambia moja kwa moja, mtu wa mlimani, na macho yake yakapanda mlimani. Hakuuliza mlima unaishia wapi. Kumbe mbele yake aliketi mwanamke aliyebebwa kwa mbeleko za Kirombo, akamweleza hivyo kwa kinywa chake mwenyewe, na yeye akaona ni mazungumzo ya kupitisha muda.

Kufika Moshi hakupita kituoni. Alizunguka hadi uani kwa Paresh. Sari nyeupe ilikuwa juu ya kamba, imefuliwa, na pindo lake lote lilikuwa na madoa ya rangi ya chai ya rangi. Theopista hakuhitaji kuyagusa. Utomvu wa mgomba ukiwa mbichi ni maji tu. Hujitokeza baadaye, na ukijitokeza hakuna sabuni inayouondoa.

Saa kumi na mbili jioni waliketi watu wanne chumba cha mbele: Theopista, Melkior, Hardik na mama yake. Wanawake wa jumuiya waliombwa wakapumzike. Theopista alieleza alikotoka na alichokiona. Alipotaja tuta lenye chipukizi, Hardik alisimama.

"Nitamfunga yule mzee," alisema. "Jumatatu nachukua amri ya mahakama, tunamfukua baba. Mzee aliyenipa ndizi nikiwa mtoto. Mwizi wa maiti."

"Kaa, Hardik," Theopista alisema. "Mzee Filemon hawezi kumwinua mtu mzima. Hawezi kufungua mlango wenye komeo la ndani. Na hajui habari za jani." Alitoa bahasha akaliweka isale juu ya meza. Lilikuwa limeanza kusinyaa, lakini fundo halijalegea. "Aliyeweka hili alikuwa humu ndani, na bisibisi ya Gidioni anayo mpaka sasa."

Saroj aliingiza mkono chini ya mto aliokuwa ameegemea, akatoa bisibisi, akaiweka kando ya jani.

"Mrudishieni," alisema. "Na mwombeni radhi kwa ajili yangu. Sikujua kama watampiga."

Hardik alimtazama mama yake, akasema kitu kwa Kigujarati. Mama akamjibu kwa Kiswahili, kwa makusudi, ili Inspekta asikie.

"Mimi nilishika miguu. Filemon alishika mabega, akaanguka mara mbili. Gogo alilolileta lilikuwa refu, tukalikata hapo stoo."

"Kwa nini?" Hardik aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Wewe ndiye uliyekuwa unamgombeza. Kila Jumapili jioni ulimgombeza."

"Miaka ishirini alikuwa ananiomba, nami ninamwambia hapana. Nilimwambia atatuaibisha. Nilimwambia utakuja kutoka mbali ukute huna baba wa kumwashia. Akiwa hai niliweza kumkatalia kwa sababu alikuwa ananijibu. Tukigombana, tukilala, tukiamka, tukigombana tena. Alipokufa nikamwambia hapana, akanyamaza. Sikuweza, Hardik."

"Ulijua uwanjani watafungua," Theopista alisema.

"Nilijua. Nilitaka asubuhi moja tu, kaburi liwahi kufunikwa."

"Na ulijua atakayesimama hapo mbele ni mwanao."

"Ndiyo maana niliweka isale. Nilichuma uchochoroni, penye mpaka wetu na jirani, baba yake Hardik ndiye aliyelipanda." Alimgeukia mwanawe. "Nilidhani ukiliona tu utajua ni mimi, na utajua ninasema nini. Nikaletewa habari kwamba ulisema uchawi. Nikajua umesahau."

Hardik alilitazama jani muda mrefu. Melkior, aliyekuwa mlangoni, alisimulia baadaye kwamba alidhani atalipasua.

"Mzinga," Hardik alisema mwishowe.

"Ndiyo."

Alikuwa na miaka minane alipochezea kiberiti kihambani kwa Filemon, akaunguza mzinga wa nyuki. Baba yake hakumpiga. Alimchumia isale, akampigia fundo, akamwambia alipeleke mwenyewe kwa mikono miwili, apige magoti. Filemon alilipokea, akafungua fundo kuonyesha amesamehe, akamwinua, akampa ndizi. Hardik alisimulia hayo kwa maneno machache, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia.

"Inspekta anajua sheria," Saroj aliendelea. "Kama ni jela, nitakwenda. Lakini usimfukue. Hilo ndilo ninaloomba. Jingine sina ruhusa ya kuomba, maana mimi sitaki udongo. Mimi nataka moto, kama mama yangu, na wa kuniwashia duniani ni mmoja tu. Nililijua hilo wakati nashika miguu."

Hardik aliinuka. Alichukua jani, akalitia mfuko wa ndani wa koti, akatoka nje. Theopista hakumzuia, ingawa jani lile lilikuwa kielelezo namba mbili.

Usiku huo huo Gidioni aliachiwa, akapewa bisibisi yake. Asubuhi ya Jumapili, kabla Theopista hajaenda misa, Hardik alikuwa kaunta ya kituo. Alifuta malalamiko yake kwa kalamu yake mwenyewe. Kisha akasema anahitaji kielelezo namba moja.

"Mgomba? Wa nini?"

"Mtoto wa kiume hawezi kuondoka hajawasha."

Mkuu wa kituo aliposoma jalada siku ya pili alikuta limefungwa kwa maneno mawili matatu: mlalamikaji hana shauri tena, kielelezo kimekabidhiwa kwa familia. Alinung'unika, lakini simu kutoka Dar hazikuja tena, na hilo lilimtosha. Kule Mkuu ukoo ulikaa siku hiyo ya Jumapili, ukamtoza Filemon mbuzi wawili na mapipa ya mbege, ukamnyima kauli kikaoni mwaka mzima. Shamba walimwachia, kwa sharti kwamba kaburi lile lisiwekwe jina.

Mgomba una maji mengi kuliko kitu chochote kiotacho mlimani. Pandit aligoma kuja, kwa hiyo Hardik alikuwa peke yake uwanjani na mtu wa kuni. Theopista alisimama mbali, penye lango, amevaa kitenge chake cha misa. Gogo lilichemka, likatoa povu na moshi mzito, moto ukazimika, ukawashwa tena. Kila ulipozimika Hardik aliongeza kuni na samli, akasubiri. Alivua koti. Saa sita ilipita, saa nane ikapita. Jua lilipoanza kuegemea magharibi, gogo lilikuwa jivu jeusi lenye unyevu, nusu ndoo hivi, na suti yake haikuwa suti tena.

Ndege yake ilikuwa usiku ule. Hakumuaga mama yake. Alipita tu kuchukua begi, na Saroj alibaki chumbani, mlango umerudishwa. Langoni mwa uwanja, kabla ya yote hayo, Hardik alisimama mbele ya Theopista akijifuta masizi usoni. Isale lilikuwa mkononi mwake. Fundo alikwisha kulifungua.

"Mpelekee mama," alisema. "Mwambie zamu yake ikifika nitakuja. Lakini jeneza nitalifungua mwenyewe."